Kama Ulivyoipokea

Jua lilikuwa linazama nilipofika Malaba kukagua stoo yangu. Amongin, mpangaji wa siku nyingi, alikuwa anahama, na wakili wangu alitaka kila uharibifu uandikwe ndipo tumdai fidia kortini. Nilimchukia yule mama. Stoo yote ilinuka omena, dagaa wakavu aliokuwa akiuza. Binti yangu Sharlyne alikuwa ameshahamia chumba cha nyuma na mtoto wake mchanga, maana kesho angefungua saluni hapo hapo.

Niliandika nikinung'unika. Mlango umeoza. Ukuta una ufa, naye Amongin, aliyekuwa akinifuata nyuma, anasingizia mvua za El Nino. Kisha nikaona kiraka cha simiti katikati ya sakafu, kipana kama sinia.

"Na hii?"

"Hiyo wacha, mzee. Hiyo nilitengeneza."

"Kwa ruhusa ya nani? Mkataba unasema urudishe nyumba kama ulivyoipokea. Vunja."

Akanitazama sana. "Kama nilivyoipokea? Sema tena, mzee. Iwe neno la mwenye nyumba, si langu."

Nikalirudia kwa ukali. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na hapo mkuu nilikuwa mimi.

Akashika mtaimbo. Gwa... gwa... Simiti ikapasuka. Chini yake palikuwa na chungu, kimelazwa kifudifudi. Amongin akakiinua, akakikumbatia, akarudi kinyumenyume hadi mlangoni.

Shimo lilikuwa tupu.

Halafu ikaja harufu... maziwa ya mama yaliyochacha.

"Ni nini hii?" nikanong'ona.

"Kabla yangu kuna mama alikufa hapa akizaa. Mtoto pia. Wewe ulijua na hukuniambia." Sauti yake haikupanda. "Mimi nilimfunika. Sasa nimekurudishia."

Akaenda zake.

Nikasikia miguu mitupu ikivuka sakafu. Chap... chap... Sikuona mtu. Ilinipita, ikaelekea nyuma, ambako mjukuu wangu alikuwa analia. Nikauokota mtaimbo, nikaifuata hatua kwa hatua.

Kilio kikakatika.

Nilipofika nikausukuma mlango wa chumba. Sharlyne ndiyo kwanza alikuwa anaingia kutoka uani na ndoo ya maji. Akamwinua mtoto, akampa titi. Mtoto akageuza uso. Maziwa yalikuwa yanamtiririka kidevuni.

"Baba," Sharlyne akanong'ona, "nani amemnyonyesha?"