Kibodi ya Paskazia

Haya yalimpata rafiki yangu Machibya Lusangija, fundi wa kompyuta kuukuu pale Mabatini, miezi minne baada ya kumzika mkewe, Paskazia. Katika shehena ya kompyuta za msaada iliyotoka parokiani alikuta ile ambayo marehemu aliichapia barua za parokia miaka kumi na tisa. Alitamani apate humo maneno yake, hata barua moja tu.

"Diski wameshaing'oa, mzee," alisema Aluoch, fundi mwenzake. "Hapo umebaki na sanduku tupu. Twende Kirumba tukale sato, usije ukaota kutu humu."

"Tangulia, binti yangu. Ila kichwa cha sato ni changu."

Akabaki peke yake ghalani. Aling'oa vibonye vyote vya kibodi ya kompyuta ile, akavitumbukiza kwenye beseni la maji ya sabuni, kama anavyofanya siku zote kabla ya kupeleka kompyuta mashuleni. Saa kumi umeme ukakatika. Ghala lile halina dirisha. Giza likawa totoro.

Ndipo akasikia mtu akichapa: haraka haraka, kimya kidogo, kisha haraka tena, mwendo alioujua. Akapapasa hadi kwenye kibodi. Chini ya kiganja chake, vile vipira vinavyokaa chini ya vibonye, sasa vikiwa wazi, vilikuwa vikibonyea kimoja kimoja, na vilikuwa na joto.