Kilichompeleka Akiror Nairobi

Siku hiyo ya soko, mwaka wa 1974, foleni ya malori ilianzia forodha ya Malaba ikapita soko lote. Opolot, karani wa kutoa mizigo forodhani, alikuwa akikimbiza makaratasi ya dereva mmoja alipoona wanawake wamemzunguka msichana mwenye gauni jeupe la uuguzi, mshipi mwekundu kiunoni, viatu vimejaa vumbi. Alikuwa akiwaonyesha, juu ya gauni lake, jinsi ya kupapasa matiti kutafuta uvimbe.

Opolot akasimama. Dereva akasahauliwa.

"Kaka, umepotea?" msichana akamuuliza. Wanawake wakacheka.

"Nasikiliza, sista. Nina mama nyumbani."

"Basi mlete mwenyewe. Usimpelekee maneno nusunusu."

Alimleta wiki iliyofuata. Mama yake, Anjeline, hakuwa na uvimbe wowote, lakini mwanawe hakuwa mzima tena. Akawa anamfikiria msichana yule, Akiror, muuguzi wa hospitali ya Busia aliyezunguka masoko ya mpakani akimsaidia daktari kuchunguza kansa ya matiti.

Mwaka mzima, kila Ijumaa saa nne, simu ya wodi ilipolia wenzake walimwachia Akiror.

"Malaba hapa," Opolot alisema. "Umekula?"

"Saa nne hii nile nini?"

"Mimi sina hamu ya chakula tangu Jumapili, mpenzi. Nilidhani tunaugua pamoja."

Akiror alicheka akiziba mdomo kwa kiganja, sista mkuu asimsikie.

Ijumaa moja sauti nyingine ikapokea. Akiror amekwenda Nairobi na gari la daktari. Siku ya kurudi haijulikani. Wiki zilizofuata jibu likawa lile lile, na barua haikuja. Opolot akajiunganishia mwenyewe: daktari, gari, Nairobi. Akaacha kupiga. Lakini kila gauni jeupe lililovuka barabara lilimgeuza shingo, na Ijumaa ikifika saa nne alitoka ofisini ili asiione simu.

Baada ya miezi saba, mama yake alirudi kutoka soko la Nambale, akaketi bila hata kuvua kitambaa cha kichwa.

"Nimemwona Akiror. Amewaambia wanawake mbele ya watu wote kwamba alijipapasa akapata uvimbe. Wamemkata titi moja. Daktari alimpeleka kutibiwa. Na wewe umekaa hapa umenuna."

Kesho yake Opolot alimkuta nje ya zahanati ya Nambale, akipanga karatasi za maswali ya uchunguzi. Alikuwa amekonda, na gauni limelegea upande wa kushoto.

"Mbona hukuniambia?"

"Ulinipenda nikiwa mzima. Niliandika barua tatu, nikazichana zote."

"Nilidhani umechukuliwa na daktari."

"Daktari ana wajukuu, Opolot." Alitabasamu kidogo, kisha akainamisha macho. "Ugonjwa unaweza kurudi. Hata madaktari hawajui. Wanasema tungoje, miaka."

"Nimengoja miezi saba bila kujua nangoja nini. Hilo ndilo lililoniumiza." Akavuta pumzi. "Nataka kuja kwa baba yako Jumamosi, na wazee wangu."

Mkono wa Akiror ulikuwa umeufunika upande ule wa kushoto. Taratibu akaushusha, akamwacha amtazame.

"Jumamosi nina wanawake wa Amukura wananingojea," alisema. "Njooni Jumapili."