Kifurushi Kisicho na Muhuri

Radio Kisima ilikuwa imemaliza sala ya asubuhi, na matangazo yalikuwa hayajaanza, pale mtu aliposafisha koo hewani. Ulikuwa mkwaruzo mdogo tu, wa mtu anayejiandaa kusema kisha akaghairi. Laure Ngeleka, fundi wa mitambo aliyesoma pia matangazo, alikuwa peke yake ofisini. Aliinua macho kutazama kioo cha studio. Kiti kilikuwa kitupu. Maikrofoni ilikuwa imechomolewa, na waya wake umelala juu ya meza vilevile alivyouacha jana yake.

Alijiambia ni rekodi mbovu. Lakini alipofungua chumba kidogo cha seva, mashine iliyorusha vipindi vyote kwa zamu bila kuguswa na mtu, alipigwa usoni na harufu ya udongo mbichi, udongo wa chini kabisa, ule unaotoka shimoni ukiwa baridi hata jua likiwaka. Kolwezi, mji wa migodi, hakuna asiyeijua harufu hiyo. Ila chumba kile kilikuwa na sakafu ya saruji na hakikuwa na dirisha.

Radio Kisima ilikuwa redio ndogo ya parokia, hapo mtaani Manika, chini ya padri wake, abbé Mukuna. Mafundi walikuwa wawili: Laure na Gradi Nkulu. Walisoma pamoja Lubumbashi, wakarudi pamoja, wakaifunga ile seva kwa mikono yao. Laure alikuwa na sharti ambalo hakulilegeza kwa mtu: hakuna programu itakayoingia kwenye seva isipokuwa itoke kwenye ghala rasmi la waliotengeneza mfumo, na muhuri wake ukaguliwe kwanza. Abbé aliwahi kumuuliza kwa nini anasubiri mtandao ujikokote siku nzima kwa ajili ya kifurushi kimoja cha programu, ilhali sokoni vijana wanauza programu hizohizo kwenye flashi. Laure akamweleza kwamba kila kifurushi cha ghala rasmi kimetiwa muhuri na aliyekitengeneza, na seva ina ufunguo wa kuutambua muhuri huo. Kikiguswa njiani, hata herufi moja, seva inakikataa. Lakini ukiiambia seva imwamini mgeni, haitauliza tena. Itamfungulia kila akibisha, na huyo mgeni atakaa ndani kama mwenye nyumba.

Neno la siri la kuiambia seva imwamini nani lilijulikana na watu wawili tu. Laure alimpa Gradi siku ileile ya kwanza, bila kufikiri mara mbili.

Siku hizo mji mzima ulikuwa ukizungumza habari ya Kisangwe. Huko ndiko alikozaliwa Gradi, mtaa wa nyumba za matofali ya udongo ambao chini yake madini ya kobalti yalionekana yamelala kama mizizi ya mihogo. Kampuni ya migodi ilipata kibali, watu wakaambiwa wahame, wakakataa. Wengine walianza kuchimba wenyewe ndani ya nyua zao, na masika yaliyopita shimo moja liliporomoka na vijana wakiwa chini. Si wote waliotolewa. Abbé Mukuna aliwapa watu wa Kisangwe kipindi chao redioni kila alasiri, na maadamu walikuwa wakisikiana hewani hakuna familia iliyohama. Mama Mbuyu, mama yake Gradi, ndiye aliyekuwa akizungumza kuliko wote.

Kisha, siku moja saa ya kula bukari, ugali wa mchana, muziki ulikatika, na kijana mmoja akaanza kusema taratibu, kama mtu mwenye kitu kinywani.

"Mama Numbi, ni mi. Munalala juu ya kichwa yangu. Muhame."

Mama Numbi alikuwa na mtoto ambaye shimo halikumrudisha. Alimtambua kwa sauti kabla hajamaliza kulitaja jina la mama yake. Majirani nao walimtambua. Jua halijazama, mwanamke yule alikuwa amefunga godoro lake juu ya baiskeli na kuondoka bila kufunga mlango.

Kesho yake mchana akasema mwingine. Na mwingine. Wote walikuwa wafu wa shimo lile, na kila mmoja aliita nyumba ya kwao, kwa jina, na kutaja mambo ya ndani ambayo mtu wa nje hangeyajua: kidonda cha baba, wimbo wa kumbembelezea mtoto, neno la mwisho lililosemwa mlangoni asubuhi ile ya kuporomoka. Barabara ya Kisangwe ikajaa masufuria, kuku waliofungwa miguu, na watu wasiotazamana.

Abbé alidhani ni mchezo mchafu wa mtu. Aliamuru vipindi visimamishwe. Laure alivisimamisha vyote, sauti ikaendelea. Alipekua rekodi moja moja bila kuona hata moja yenye maneno yale, akakaa mbele ya seva mchana kutwa akiisikiliza feni yake, ambayo sasa ilikuwa haivumi tena bali inavuta na kutoa, inavuta na kutoa kama kifua cha aliyelala, na kila ilipotoa, hewa ya udongo ilimfikia magotini ikiwa na unyevu, hata sketi yake ikamganda miguuni, akanyanyuka akatoka nje juani.

Nyumbani alimkuta baba yake, tata Ngeleka, amekaa mbele ya redio yake. Alikuwa ameizima. Ilikuwa bado inasema.

Tata Ngeleka hakuwa mtu wa kuzungumza mambo ya zamani. Watu wa asili ya jimbo la Kasaï walipofukuzwa jimbo la Katanga, ilimo Kolwezi, yeye alikuwa kijana mwenye mke mjamzito. Walilala kwenye gari la moshi lisiloondoka, stesheni imejaa, maji hakuna, na mkewe akajifungua Laure pale sakafuni kisha akafa. Miaka mingi baadaye alirudi Kolwezi na mtoto, maana hakuwa na kwao pengine. Sasa aliweka kiganja juu ya redio kama anayepima homa.

"Chini ya sauti ya ule mutoto kuko sauti ingine," alisema polepole. "Minaijua. Mwaka ya kutufukuza ilikuwa inapita mu barabara mbele ya batu, inaita majina, na hatukuona mutu mwenye alikuwa anasema."

Kesho yake Laure alirudi kazini kabla ya jua kuwaka vizuri na kufanya alichopaswa kufanya tangu siku ya kwanza. Aliiamuru seva ikague kila kifurushi kilichomo ndani yake, kimoja kimoja, dhidi ya muhuri wake. Vikajibu vyote sawasawa, isipokuwa kimoja. Kilikuwa kidogo, cha kusafishia sauti, na yeye hakuwahi kukiweka. Kilitoka kwenye ghala asilolijua, nalo ghala hilo seva ilikuwa imeambiwa iliamini. Aliyeweza kuiambia hivyo ni yeye au Gradi.

Alimkuta Gradi nyuma ya jengo, anajaza mafuta jenereta. Hakupandisha sauti.

"Ni wewe njo ulifungua?"

Gradi aliweka kidumu chini. Hakushangaa, na Laure akaelewa kwamba tangu asubuhi ile ya kwanza amekuwa akingoja kuulizwa.

"Balisema nyumba ya mama haitaguswa," Gradi akajibu.

Akaeleza yote, kwa sauti ya mtu anayeungama. Mtu aliyejitambulisha kuwa wa kampuni alimfuata, akamwambia Kisangwe itavunjwa atake asitake, ila nyumba moja inaweza kuachwa. Alitakiwa kuweka kifurushi tu, cha matangazo. Gradi alidhani wataleta waigizaji. Lakini aliposikia hewani sauti ya rafiki aliyekua naye, aliyezikwa hai, alimrudia yule mtu kumuuliza ni nani aliyetengeneza kitu kile. Yule mtu alimwambia hakuna aliyekitengeneza. Kilikuwa kinakaa mashimoni tangu zamani, na watu wanaojua kazi hiyo walikinasa tu, wakakifunga ndani ya kifurushi ili kipate mlango.

"Na mi?" Laure akauliza. "Ulipita na neno yenye nilikupa."

Gradi alilia, Laure hakulia. Miaka yote hiyo mtu huyu amekula meza moja na baba yake, amemwita tata. Laure alikuwa amekagua muhuri wa kila kitu kilichokaribia seva ile, na hakuwahi kufikiri kumkagua huyu. Alimwomba ufunguo wa ofisi. Gradi akautoa, akaenda zake.

Abbé Mukuna hakubishana na habari hiyo. Alivaa stola ya sala shingoni, akachukua maji ya baraka, akamwambia Laure afanye ya kwake na yeye atafanya ya kwake. Laure alikuwa ameleta mfumo mpya kutoka ghala rasmi, ameulinganisha na muhuri wake, kisha ameulinganisha tena. Kazi ilikuwa kufuta seva yote, mpaka chini, isibaki hata chembe ya ile ya zamani.

Abbé alianza kusali. Taa zikafifia bila kuzimika. Udongo ulinuka hata pumzi ikawa nzito, na Laure alipoweka mkono juu ya kibodi ili aandike amri ya kufuta, spika zilinyamaza, feni ikanyamaza, na katika ukimya ule mwanamke akamwita kwa Tshiluba, lugha ya watu wa Kasaï, kwa jina ambalo baba yake alimwambia kwamba mama yake alilitamka mara moja tu pale stesheni kabla hajakata roho, sauti ambayo hakuwahi kuisikia maishani na ambayo mwili wake wote uliijua, ikimwambia kwamba ana kiu, kwamba amemngoja miaka yote hii gizani, kwamba akibonyeza atamuua mara ya pili, na ikalia, na kilio kile kilikuwa kile hasa ambacho Laure alikuwa amekitafuta utotoni kila alipolala.

Alibonyeza.

Kilio kilikatika katikati. Abbé aliendelea kusali mpaka mfumo mpya ulipokaa, vifurushi vikaingia kimoja kimoja vikiwa na mihuri yao, na hewa ya chumba ikarudi kuwa ya chumba. Laure alikaa sakafuni. Abbé alimshika bega.

Sauti hazikusikika tena. Lakini watu wa Kisangwe walikuwa wameshahama. Tingatinga ziliingia mtaa usio na mtu wa kusimama mbele yake, na nyumba ya Mama Mbuyu ilianguka siku moja na za wenzake. Hakuna aliyekumbuka ahadi yoyote. Watu walisema Gradi ameonekana akichimba palepale, kwenye mashimo yaliyopita chini ya uliokuwa ua wa mama yake, pamoja na wengine wasio na kazi. Laure aliposikia hivyo hakumsamehe, ila meza ilikuwa kubwa mno kwake na baba yake tu.

Mvua zilikuwa zimerudi alipomwona tena. Ilikuwa mchana. Gradi alisimama mlangoni mwa ofisi, amelowa, udongo mwekundu umemkauka shingoni na kwenye nywele. Hakuingia mpaka alipokaribishwa. Aliomba msamaha kwa maneno machache, bila kujitetea, na Laure, aliyekuwa ameyaandaa maneno makali kwa muda mrefu, akamletea kitambaa ajifute. Gradi akasema hatafuti kazi. Anataka tu kusaidia kitu kimoja, kabla hajaenda: kifurushi cha kupokea simu za wasikilizaji, cha ghala rasmi, na Laure akikague mwenyewe.

Laure alikagua. Muhuri ulikuwa sahihi. Alikagua tena, ukawa sahihi.

"Niache nikiweke," Gradi akasema. "Ya mwisho."

Laure aliandika neno la siri, jipya, akampisha kiti. Alimtazama akiandika kwa vidole vilevile vya siku zote, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile nyuma ya jengo hakuona haja ya kumchunga. Aligeuka kuchemsha maji ya chai.

Abbé Mukuna aliingia bila kubisha. Alikuwa amevua miwani. Alisema shimo la Kisangwe limeporomoka asubuhi na mapema, wamewatoa baadhi, na Mama Mbuyu anamwomba Laure aje, kwa sababu mwili wa Gradi umelazwa kanisani na mama huyo hataki uoshwe na mtu mwingine ila waliompenda.

Laure alitazama nyuma. Kiti kilikuwa kitupu. Kati ya vitufe vya kibodi kulikuwa na udongo mbichi, na kwenye skrini seva ilikuwa inasema, kwa maandishi yake ya upole ya kila siku, kwamba imepokea ufunguo mpya na sasa inamwamini mwenye ufunguo huo.

Spika ya ukutani ikaanza kusema. Ilikuwa sauti ya mwanamke, tulivu, ya kuaminika, sauti ambayo mji mzima uliizoea kwenye matangazo. Ilikuwa sauti ya Laure. Ilikuwa inataja nyumba za Manika, barabara kwa barabara, ikiwaomba watu watoke leo wasingoje kesho, na ilikuwa imeshaitaja barabara ya Laure na baba yake.

Alivuta waya wa umeme kutoka ukutani. Sauti haikukatika. Simu yake ikaita, na alipoipokea alisikia kwanza mvua, kisha pumzi ya mzee aliyebeba kitu kizito.

"Mama," tata Ngeleka akasema, kama alivyomwita binti yake siku zote. "Nimeshafunga bitu, niko mu barabara. Sauti ya batu bengine singeisikiliza. Lakini ni wewe njo unasema. Sasa uniambie, tunaenda wapi?"