Ukuta Uliobomolewa Nyuma ya Pazia la Eda

Tik. Kimya. Tik. Kabla ya adhana ya alfajiri nilisikia punje zikidondoka kwenye sinia la shaba karibu na kitanda. Nilidhani ni panya. Nilipopapasa, vidole vyangu vilirudi na chokaa.

Jamaa zangu, nilikuwa nimetoka kwangu Chumbageni kumliwaza dada yangu Zuwena, aliyefiwa na mumewe. Alikuwa amekaa eda katika chumba cha juu cha nyumba yao ya mawe, kwenye mtaa wa majumba ya kale hapa Tanga. Nyumba tulivu, yenye harufu ya udi. Usiku alikuwa akinifunika miguu, akidhani nimelala.

Kulipokucha nilishuka kwa mwanawe, Turki. Nyuma ya pazia zito, yeye na fundi Castory walikuwa wakibomoa ukuta wa sebule wapate nafasi ya duka kubwa.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Chokaa inatudondokea huko juu, Turki. Kibali umepata?"

"Nimeomba. Wanasema ningoje waje kuukagua ukuta. Nyumba ni yetu, mama mdogo, si makumbusho."

"Na huu ukuta umebeba nini?"

"Umebeba uzee," akasema, akacheka.

Castory hakucheka. Alikuwa akitazama dari.

Adhuhuri akabisha hodi Laurenti, kijana afisa wa majengo ya kale. "Nimesikia nyundo. Naomba nitazame ukuta tu, ndugu."

Turki akasimama mlangoni. "Mama yangu yuko eda. Mwanamume wa nje haingii humu."

Kijana akarudi nyuma, akavua kofia. "Poleni sana kwa msiba. Basi nitamwita mwenzangu wa kike." Akaenda kuketi kwenye baraza ya jirani, akapiga simu.

Mnaona, jamaa zangu? Eda ni stara ya mjane. Turki aliifanya kificho cha nyundo.

Nikapanda tena kwa dada. Haukupita muda, boriti ikalia chini yetu, na sakafu ikainama upande wa kitanda. Dada alinishika.

"Siwezi kutoka," alinong'ona. "Chini kuna wanaume. Nitamkosea marehemu."

"Zuwena, mwenye eda akihofia nyumba kumwangukia, ameruhusiwa kutoka. Vaa baibui."

Nikaita dirishani kwa sauti yote niliyokuwa nayo. Laurenti akaingia mbio. Tulipofika juu ya ngazi niliwaona, yeye na Castory, wamesimamisha nguzo chini ya boriti, wameikaza kwa mabega. Turki alikuwa akilia kando yao. "Mama, shuka. Nisamehe, mama, shuka."

Dada akasita. Laurenti akaelewa. "Nyuso ukutani, jamani," alisema. "Mama apite kwa stara."

Wakageuka wote. Mawe madogo yaliwaangukia vichwani, na hakuna aliyetazama nyuma. Tukashuka kidato kwa kidato. Tulipofika barabarani nao wakachomoka. Kisha sakafu ya juu ikashuka, na kitanda cha dada yangu kikaangukia sebuleni.

Funzo

Nyinyi mnaoishi katika nyumba za kale, kibali si hila ya kuwanyima haki yenu. Anayetaka kuukagua ukuta anawafikiria waliolala juu yake. Ngojeni, hata kama kungoja kunachosha. Wala msijifiche nyuma ya msiba au dini mkifanya jambo mnalojua lina hatari. Heshima ya yule kijana ndiyo iliyomzuia mlangoni, na Turki aliitumia vibaya. Heshima hiyo hiyo ndiyo iliyomteremsha mama yake.

Dada alimalizia eda kwangu. Ilipokwisha, Laurenti alikuja kumjulia hali. Akasimama mlangoni, uso ameuelekeza ukutani.

Dada akacheka, mara ya kwanza tangu afiwe. "Geuka, mwanangu. Hata mimi sijauona uso wako."

Alimkaribisha chai na mkate wa kumimina. Kijana alipoaga, dada alimsindikiza hadi barazani.

"Uje tena," alimwambia. "Usingoje mpaka nyumba ilie."