Kishika-Sufuria cha Maman Précieuse

Kila Jumamosi mchana, katika jengo moja la mtaa wa Jette, Brussels, kishindo husikika kutoka ghorofa ya pili. Dum, dum, dum. Bibi mzee wa Kibelgiji anayeishi chini amekwisha kuzoea. Anajua kwamba huko juu, kwa familia ya Papa Onésime, ugali unasongwa.

Maman Précieuse husonga ugali akiwa ameketi kwenye kigoda. Sufuria iko sakafuni juu ya gazeti, na miguu yake miwili imeibana huku na huku. Siyo kwamba hana jiko. Jiko analo, tena la kisasa, la kioo cheusi kinachong'aa. Lakini jiko la kioo na ugali haviivi chungu kimoja. Kioo kinateleza. Ukianza kusonga kwa nguvu, sufuria inazunguka pamoja na mwiko. Ukishika sikio la sufuria kwa mkono, unaungua.

Kule Butembo, Kongo, alikozaliwa, sufuria ilikaa kwenye mafiga matatu na haikwenda popote. Huku Brussels, ugali ukianza kuwa mzito, maman huishusha sufuria chini na kumaliza kazi kwa miguu. Kisha anainuka taratibu, ameshika kiuno.

"Mugongo inaniuma, eh!" husema kila mara. "Hii njo Ulaya!" Halafu anacheka, maana yeye ni mtu wa kucheka.

Binti yake Kasoki hakucheka. Mgongo ule alikuwa anauona kila wiki, na alikuwa na sababu nyingine ya kuuangalia. Kasoki alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili wa ubunifu wa bidhaa. Hiyo ni kazi ya kufikiria na kuchora vitu ambavyo baadaye hutengenezwa kiwandani, kama viti, birika, mikasi na miswaki. Mwalimu wake, Bwana Mathieu, alimpa kila mwanafunzi kazi moja. Tafuta shida iliyoko nyumbani kwako. Tengeneza kitu cha kuiondoa. Watu wa nyumbani wakitumie. Kisha ukilete mbele ya majaji mwezi wa sita.

Baba yake, Papa Onésime, alihudumia wagonjwa hospitalini, na kazi hiyo aliipenda. Masomo ya binti yake hakuyaelewa.

"Kuchora kiti," alisema. "Bon. Biti biko byingi. Muntu anakosaka kiti ni nani?"

Mwezi wa kwanza Kasoki alikuwa ameshindwa. Alitengeneza taa. Taa iliwaka vizuri kabisa, lakini Bwana Mathieu aliirudisha. Alisema umbo lake halimwambii mtu chochote. Ndipo Papa Onésime akatoa neno lake la mwisho.

"Ukianguka tena mu juin, tunakuandikisha ku infirmière. Ile kazi inatafutaka bantu kila siku."

Uuguzi ni kazi ya heshima, lakini Kasoki akiona damu hugeuza uso. Moyo wake ulikuwa kwenye mbao, misumeno na karatasi za kuchorea. Kama angeshindwa mara hii, mlango ule ungefungwa. Aliogopa sana.

Akajitupa kazini. Alitengeneza kishika-sufuria cha mbao. Kilikuwa na upinde unaoizunguka nusu ya sufuria, na mikato miwili inayoyabana masikio yake. Mbele kulikuwa na mkia unaotoka hadi ukingoni mwa meza ya jiko. Mpishi anauegemea mkia kwa kiuno, sufuria inatulia, na mikono yote miwili inabaki huru kusonga. Alikijaribu shuleni kwa sufuria iliyojaa mchanga mbichi. Sufuria haikutikisika.

"Sasa nikipambe," akajiambia. "Mara hii hawatapata la kusema."

Alikipamba kwelikweli. Alikipaka rangi ya dhahabu. Alibandika vipande vya kitenge na kuvipaka vanishi. Alichonga maua kwenye upinde wote. Mwisho wa mkia aliweka kichwa cha chui, mdomo wazi, meno nje.

Maman Précieuse alipokiona alipiga vigelegele.

"Ayiii! Mutoto yangu! Hii kitu ni ya ba-ministre!"

Kasoki alifurahi mpaka akasahau kula. Akamwachia mama yake kishika-sufuria akitumie wiki nzima. Jumamosi iliyofuata alirudi kutoka maktaba, na akiwa bado kwenye ngazi akasikia: dum, dum, dum.

Maman alikuwa sakafuni, kwenye kigoda, miguu imebana sufuria.

"Maman, kile kishika-sufuria kiko wapi?"

"Iko vizuri, usiogope." Maman alionyesha sebule kwa mwiko.

Kasoki akaenda sebuleni. Kishika-sufuria kilikuwa ndani ya kabati la vioo. Kimewekwa juu ya kitambaa cheupe cha kufuma, katikati ya sahani za harusi na vikombe ambavyo havijaonja chai tangu vinunuliwe.

"Maman! Juu ya nini hautumike nayo?"

"Nitumike nayo ku moto? Kitu muzuri vile? Itachafuka! Ile ni ya kuonyesha bageni."

Kasoki alitaka kucheka, lakini machozi yakatangulia. Siku ya majaji ilikuwa inakaribia, na kitu chake kilikuwa hakijasaidia hata ugali mmoja. Maman alipoona mwanawe analia, aliacha mwiko. Akachukua simu akampigia Yolande.

Yolande alikuwa mwenzake wa kwaya, mtu wa Lubumbashi anayekaa Uccle, mtaa mwingine wa Brussels. Kazi yake ilikuwa kubuni vitanda na viti vya wagonjwa. Alisikiliza, akasema kwa sauti ya furaha:

"Kesho ni dimanche. Mbele ya kuingia mu kanisa tupitie ku soko ya Gare du Midi. Na ile kitu ailete."

Asubuhi walikutana sokoni, kando ya stesheni. Watu walikuwa wengi, zeituni zimejaa ndoo, wauzaji wanapiga kelele kwa Kifaransa na Kiarabu. Kasoki alifungua mfuko. Yolande akakitazama kishika-sufuria kwa muda mrefu, huku na huku.

"Kasoki, maman yako hakukosea," alisema. "Ni hii kitu ilimuambia aipeleke mu kabati."

"Tantine, kitu inasemaka namna gani?"

"Kuya uone."

Alimvuta mpaka kwenye meza ya birika za chai. Zilikuwa za kila namna, ndefu na fupi.

"Funga macho nusu," Yolande alisema. "Vile tu. Rangi inapotea, maua inapotea. Unabakia kuona nini?"

Kasoki alibana macho. "Naona tumbo. Naona mudomo. Naona mukono."

"Alors utaishika wapi?"

"Ku mukono."

"Na chai itatokea wapi?"

"Ku mudomo."

"Nani alikuandikia pale 'shika hapa'?"

"Hakuna muntu."

"Voilà. Ile njo umbo. Inakuambia kazi yake, na hauyaigusa bado. Sasa funga macho nusu, uangalie ya kwako."

Kasoki alikiangalia kishika-sufuria chake. Aliona mng'aro mtupu. Hakuweza kutenganisha sehemu ya sufuria na sehemu ya mtu. Maua yalikuwa pande zote kwa wingi uleule, na jicho halikujua lianzie wapi.

"Tena huyu chui," Yolande aliendelea. "Nani ataweka kiuno yake mu meno ya chui?"

Wakacheka wote wawili, hata muuza birika akacheka bila kujua sababu. Kasoki alijisikia mwepesi kidogo.

"Tantine, basi uzuri niuache?"

"Hapana! Uzuri unabakia. Sikia. Shiye bantu ba Congo, tukipenda kitu tunaifunika. Televizyo tunaiweka napperon, kitambaa ya kufuma, meza tunaiweka maua. Salon inapendeza, sikatae. Ata miye niko nayo. Lakini kitu ya kazi, uzuri haiko nguo ya kuivalisha ku mwisho. Inaanza ku mwili yake. Ku mustari yake, ku kipimo, ku mahali mukono itapita. Ukimaliza kitu halafu unatafuta uzuri, umechelewa."

"Nianze wapi?"

"Kata ya carton, mingi, mbaya-mbaya. Usipake rangi ata kidogo. Umupe maman, halafu unyamaze. Usimuelezee. Angalia mikono yake tu."

Jioni ileile Kasoki alianza. Meza ya kulia ikajaa maboksi yaliyokatwa. Maman alijaribu kila kishika-sufuria cha boksi juu ya sufuria baridi, na Kasoki akauma ulimi asiseme neno. Kila maman aliposita, Kasoki alijua kwamba pale umbo halijaeleweka.

Kimoja kilikuwa na mkia mrefu mno. Papa Onésime alipita akielekea kazini, akakitazama.

"Hii ni ya kufungia mbuzi?"

Iliuma, lakini alisema kweli. Vipimo havikupatana: mkia ulikuwa umeimeza sufuria. Kasoki aliufupisha, akasogea nyuma, akatazama, akaufupisha tena. Mara ukaonekana ni wa sufuria ile na si wa kitu kingine.

Kingine kilikuwa kinene kila mahali, na kilionekana kizito hata kabla ya kubebwa. Kasoki alifikiria nguvu inapita wapi. Inapita kwenye mikato na kwenye mkia. Basi pale akaacha unene, na kwingine akapunguza. Kishika-sufuria kikawa chepesi mkononi na chepesi machoni.

Halafu aligundua jambo lililokuwa likimkera bila yeye kujua. Nafasi kati ya upinde na sufuria ilikuwa pana upande mmoja na nyembamba upande mwingine. Aliuchonga upinde ufuate mviringo wa sufuria, nafasi iwe sawa mzunguko wote. Mistari miwili ikaenda pamoja. Jicho likatulia.

Yolande alikuja siku moja, akazima taa ya juu na kuwasha taa ya mezani. Kivuli cha kishika-sufuria kikasimama ukutani, cheusi, bila pambo.

"Angalia kivuli," alisema. "Ikipendeza vile, itapendeza mahali yote."

Kivuli kilipendeza. Hata Papa Onésime alisimama mlangoni kukitazama, ingawa alijifanya anatafuta funguo.

Mwishowe Kasoki alikitengeneza kwa mbao nyeupe ngumu. Mkia aliupanua kama kiganja na kuuviringisha ukingo wake, ili kiuno kijue ni mahali pake. Hakuchonga mfereji wowote, maana ugali hujificha kwenye mifereji na kukauka. Mbao aliiacha na sura yake, akaisugua kwa mafuta ya kula. Rangi aliweka sehemu moja tu, nyekundu, pale ambapo mkono unashika wakati wa kuinua, mbali na moto.

Jumamosi alikiweka kando ya jiko, akaketi kimya. Maman Précieuse alikuja akiimba wimbo wa kwaya. Akakishika kwenye nyekundu, akakipachika kwenye masikio ya sufuria, akaegemeza kiuno. Wala hakuacha kuimba. Akamimina unga na kusonga kwa mikono miwili, amesimama wima. Ugali ulipoiva, aliupapasa mgongo wake kama mtu anayemtafuta mgeni ambaye hakutokea.

"Kasoki! Leo haiumi!"

Muda si mrefu mlango ukagongwa. Alikuwa bibi wa chini, uso umejaa wasiwasi. Alisema leo hakusikia kishindo, akahofia kuna mgonjwa. Maman alicheka mpaka akajifuta macho kwa kitenge, akampa sahani ya ugali na sombe ya majani ya muhogo.

Siku ya majaji ilifika. Asubuhi hiyo Kasoki alikuta alama ya moto kwenye upinde, kubwa kama ukucha. Akampigia Yolande simu kwa hofu.

"Acha vile vile," Yolande alisema. "Inaonyesha inafanya kazi."

Ukumbini Kasoki aliweka sufuria ya mchanga mbichi juu ya kioo cheusi. Pembeni akaweka mwiko na kishika-sufuria. Sheria ilikuwa kwamba mwanafunzi asizungumze mpaka aulizwe. Maman alikaa nyuma na Yolande. Papa Onésime alikuja moja kwa moja kutoka kazini, akasimama ukutani amekunja mikono.

Jaji mmoja, Madame Thérèse, mama mtu mzima wa Brussels, alikaribia. Kwa sura yake ilionekana wazi kwamba hajawahi kusonga ugali maishani mwake.

Madame Thérèse alikizunguka kishika-sufuria. Akanyoosha mkono, akashika penye nyekundu. Akakipachika kwenye masikio ya sufuria. Akautazama mkia, akasogea, akaegemeza kiuno. Mikono yake ikabaki huru, akauona mwiko, akauchukua, akaanza kusonga mchanga. Sufuria ilitulia tuli.

"Mais!" Papa Onésime aliropoka kwa Kifaransa, ukumbi mzima ukasikia. "Madame, nani alikufundisha?"

Madame Thérèse aligeuka. "Hakuna aliyenifundisha, bwana," alijibu. "Inaonekana tu." Kisha akamgeukia Kasoki. "Na hii alama ya moto?"

"Mama yangu anakitumia kila Jumamosi," Kasoki alisema. Akaeleza juu ya kabati la vioo, chui na meno yake, katoni, kivuli na bibi wa chini. Majaji walicheka, wakauliza, wakashikashika ule upinde. Bwana Mathieu aliuliza kwa nini nyekundu iko sehemu moja tu. Kasoki alimjibu bila kusita.

Matokeo yalisomwa jioni. Kasoki alifaulu, tena vizuri. Maman Précieuse alipiga vigelegele mpaka mlinzi akaja kuangalia kuna nini.

Walipanda tramu kurudi Jette. Papa Onésime alikataa kishika-sufuria kitiwe kwenye mfuko. Alikipakata mapajani, na kila abiria aliyekitazama aliambiwa, "Ni ya mutoto yangu."

Vituo kadhaa vilipita. Kasoki alikusanya ujasiri.

"Papa, na ile maneno ya infirmière?"

Papa Onésime alipitisha kidole gumba taratibu kwenye ule mviringo, kutoka mkato mmoja hadi mwingine.

"Ku hôpital," alisema, "miye mumoja natosha."