Mfuniko wa Tanuru la Anwari

Anwari alikuwa fundi sufuria pale Kiwira, kando ya barabara. Aliyeyusha alumini chakavu, akaimimina kwenye umbo la mchanga. Tanuru lake lilikuwa wazi juu. Moto ulipanda mpaka abiria wa mabasi wakageuza shingo, naye alipenda hilo, jamani, alipenda mno.

Lakini tangu biashara iwe huria, sufuria za nje zilijaa madukani kwa bei chee. Zake zilidoda, maana gharama ya mkaa ilimzuia kushusha bei. Akamwendea mama yake, Bi Safina, kule Nkunga.

"Mama, nipe mparachichi mmoja nichome mkaa."

Miti yenyewe ilikuwa miwili tu, na mama aliishi kwa kuuza maparachichi. Akampa. Mti ukawa mkaa, mkaa ukawa majivu. Anwari akarudi, macho chini.

"Mama, na ule mwingine."

"Haya. Njoo ukate Jumamosi."

Anwari akaondoka kwa aibu. Hata chai hakunywa.

Jirani yake wa Kiwira, Ezron, aliwahi kufanya kazi ya tanuru kiwandani Dar, mpaka kiwanda kikauzwa, wafanyakazi wakapunguzwa. Anwari akamweleza yote.

"Unayeyusha alumini au unaipasha joto Kiwira nzima?" Ezron aliuliza.

"Moto ndio tangazo langu, kaka."

"Wanauona. Wananunua?"

Anwari akageukia rundo la sufuria zilizododa.

"Joto lote linapotelea juu," Ezron alisema. "Weka mfuniko. Kuta zikandike udongo mnene. Na alumini iliyolowa mvua usiitupe kwenye iliyoyeyuka, italipuka ikuunguze. Ipange juu ya mfuniko ikauke, ipate joto kwanza. Ikishayeyuka, mimina. Usiendelee kuchochea."

Wakakandika, wakafunika. Mkaa uliokuwa ukiisha adhuhuri sasa ulibaki hadi jioni. Moto haukuonekana tena, watu wakauliza kama amefunga kazi. Akawatajia bei mpya, ya chini, wakanunua.

Jumamosi alifika Nkunga mikono mitupu. Mama alikuwa ameshahamisha kigoda chake kutoka kivulini mwa mparachichi, amekaa juani, ameupa mti mgongo.

"Shoka liko wapi?"

"Sikati, mama. Ule wa kwanza niliuchoma bure, kwa kutaka kuonekana. Naona aibu. Nisamehe."

Akamwinua mama, akakibeba kigoda, akakirudisha kivulini. Mama akakaa, akakitazama kisiki cha ule mti wa kwanza.

"Ndaga, asante, mwanangu," alisema. "Sasa chimba shimo pale pembeni yake. Mbegu ninazo."

Anwari akaenda kutafuta jembe.