Karatasi ya Kumgeuza Babu

Kila siku nilitoka shule saa saba na nusu mchana, nikakata kichochoro cha nyuma ya mashine ya kusaga, nikafika nyumbani jasho likinitiririka. Nilivua viatu mlangoni, nikanawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, ndipo nikaingia chumbani kwa Babu. Kunawa kwanza, salamu baadaye. Kwetu, nyumbani kwa mwalimu wa wauguzi, hata kuku angelazimishwa kunawa miguu kabla ya kupita mlangoni.

"Shikamoo, mume wangu."

"Marahaba, mke wangu. Umechelewa. Nilikuwa nimeshaanza kuposa mwingine."

"Nani atakukubali wewe, mzee mzima huna hata jino la kutafunia?"

Alicheka mpaka akakohoa. Tulitaniana hivyo tangu nijue kusema. Babu, baba yake Mama, alikuwa mpiga chapa. Miaka arobaini alisimama mbele ya mashine ya kuchapa vitabu, na wino haukumtoka kwenye kucha hata alipostaafu. Sasa alikuwa hasimami tena. Saratani ilikuwa imemwingia kwenye uti wa mgongo, miguu ikafa ganzi, na madaktari wakasema wazi kwamba hatapona. "Nimesimama miaka arobaini," alituambia, "acheni nilale kidogo nifidie."

Mama alimleta nyumbani, akamwekea kitanda karibu na dirisha, akaanza kumfanyia yale aliyokuwa akiwafundisha watu wengine. Mama alianza kazi kama muuguzi wa wodi ya wazee. Akasoma, akasoma tena, mpaka akawa mhadhiri wa chuo cha uuguzi. Somo lake ni huduma shufaa, yaani namna ya kumtunza mgonjwa asiyepona ili siku zake zilizobaki zisiwe za mateso. Kitabu kinene alichokiandika kupata shahada yake ya juu kabisa kilihusu jambo moja tu, vidonda vya kulalia. Mtu asiyeweza kujigeuza akilala upande mmoja muda mrefu, damu haipiti vizuri pale alipolalia, ngozi huwa nyekundu, halafu hufa. Kinga yake ni kumgeuza kila baada ya saa mbili. Mama aliisema sana habari hiyo darasani hadi wanafunzi wakambandika jina la Bi Geuza. Walidhani halijui. Alilijua sana, na alilipenda.

Kwa hiyo ukutani kwetu ilitundikwa karatasi yenye safu tatu: saa, upande, saini. Penseli ilining'inia pembeni kwa uzi. Mama alimgeuza Babu kuanzia jioni hadi alfajiri. Asubuhi alikuja mwanafunzi wake wa mwaka wa tatu, aliyekuwa kwenye mazoezi ya kutunza wagonjwa majumbani. Babu alimwita Dada Soksi, kwa sababu hakuna siku alivaa soksi mbili za rangi moja. Yeye alimgeuza saa mbili, saa nne na saa sita, kisha akarudi chuoni, na mama jirani akawa anamchungulia Babu mpaka nirudi. Saa nane na saa kumi zilikuwa zangu.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, lakini Babu alikuwa amekonda akabaki mifupa, na Mama alinifundisha vizuri. Kunja goti lake. Vuta shuka, usimvute mtu. Mto mmoja mgongoni, mwingine katikati ya magoti. Mara ya kwanza nilipofanya peke yangu, Mama alinitazama kwa fahari, akaniambia, "Wewe kesho keshokutwa utanirithi darasa langu."

Wiki mbili nilifanya kama nilivyofundishwa. Tatizo ni kwamba kila nilipomgeuza, Babu aliguna. Hakupiga kelele, aliguna tu, mguno mfupi wa mtu anayejizuia mbele ya mtoto. Mimi ulikuwa unanichoma. Siku moja, saa nane, nilishika shuka nikaliachia.

"Babu, leo nikuache hivyo hivyo? Umelala vizuri ubavu huo wa kushoto."

Alinitazama. "Umechoka?"

"Sitaki kukuumiza."

"Basi niache, mke wangu. Nenda kacheze."

Nikachukua penseli. Saa nane, chali. Nikatia saini. Saa kumi, kushoto tena. Nikatia saini vilevile, hata saa kumi yenyewe haijafika, nikakimbilia uwanjani kwenye mazoezi ya netiboli.

Ningesema ni huruma tu, ningekuwa naongeza uongo juu ya uongo. Siku ya kwanza ilikuwa huruma. Siku ya pili ilikuwa nusu huruma na nusu netiboli. Kuanzia siku ya tatu ilikuwa netiboli tupu. Nilikuwa mfungaji, mashindano yalikaribia, na nilijua Babu hatasema. Nilijaza karatasi ile siku kumi na moja, na mwandiko wangu ulikuwa mzuri kabisa.

Jumamosi Mama alikuwa akimwogesha Babu, mimi nikishika beseni. Alipofika kwenye nyonga ya kushoto akaacha kusugua. Alibonyeza ngozi kwa kidole, akakiondoa. Wekundu haukuondoka. Katikati yake palikuwa pamechunika, padogo kama kifuniko cha soda, na panatoa maji.

"Baba," Mama alisema taratibu, "wanakugeuza kweli?"

"Wananigeuza wote," Babu alijibu, macho dirishani.

Mama akanigeukia. "Na wewe? Saa nane na saa kumi unamgeuza?"

"Ndiyo, Mama."

Neno lilinitoka jepesi hata mimi mwenyewe nilishtuka. Mama aliisoma karatasi kutoka juu hadi chini. Yote ilikuwa imejaa. Mchana yupo mwanangu, alisema, usiku nipo mimi, basi ni asubuhi. Ni yule binti anajaza karatasi na kumwacha mzee wa watu amelalia upande mmoja. Kisha akaenda jikoni, akafunga mlango, na nikamsikia akilia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia. "Nimewafundisha watu nchi nzima," alikuwa akisema peke yake, "na baba yangu mzazi anaoza nyumbani kwangu!"

Jumatatu Dada Soksi hakuja; Mama alikuwa amepeleka chuoni barua ya kumshtaki. Mama aliomba ruhusa ya asubuhi akabaki mwenyewe. Jumanne jioni hodi ilibishwa, na mimi nikajibanza nyuma ya pazia. Dada Soksi alisimama mlangoni, soksi zake zote mbili nyeusi.

"Mwalimu, nakuapia, nilikuwa namgeuza. Kwetu mimi ndiye wa kwanza kufika chuo. Ukiiacha barua ile, nimekwisha."

"Karatasi inasema amegeuzwa, ngozi inasema hakugeuzwa," Mama alijibu. "Mimi naiamini ngozi. Muuguzi anayetia saini uongo ni hatari kuliko ugonjwa wenyewe. Kikao cha nidhamu ni kesho saa tisa, chuoni. Waambie huko."

Dada Soksi alifunika uso kwa viganja viwili akaondoka. Ulimi nilikuwa nao, sauti nilikuwa nayo, na sikusema kitu.

Jumatano nilirudi kutoka shule nikiwa sijala chochote. Babu alikuwa amebandikwa bandeji kubwa nyongani, na uso wake ulikuwa umesinyaa. Kidonda kilimuuma usiku kucha. Nilikaa kwenye kigoda, nikamshika mkono, nikamwambia yote: Dada Soksi, kikao, saa tisa.

Babu hakujua. Hakuna aliyemwambia.

"Nilikudanganyia," alisema. "Nilidhani ni ngozi yangu tu. Ngozi yangu naweza kumpa mjukuu wangu, nani atanizuia? Lakini maisha ya yule mtoto wa watu si yangu. Siwezi kukupa kitu kisicho changu."

"Mama ataniua, Babu."

"Hatakuua. Atakasirika. Nenda ukaseme sasa, nikiwa bado nipo wa kukutetea."

Nililia mpaka kamasi zikachanganyika na machozi. Alisubiri nimalize, kisha akasema, "Saa nane imefika. Nigeuze kwanza."

Nikakunja goti lake, nikavuta shuka. Aliguna. Sikuacha, niliweka mto mgongoni na mwingine magotini, nikamwita mama jirani aje kukaa naye. Kisha nikakimbia.

Chuo kilikuwa mwendo wa nusu saa. Kikao kilikuwa kinafanyika kwenye chumba cha mazoezi, chenye vitanda sita na wanasesere wakubwa wa mpira waliofunikwa shuka mpaka kidevuni. Mama alikuwa mezani na wahadhiri wenzake wawili. Dada Soksi alikuwa amekaa peke yake kwenye stuli. Mama aliponiona akasimama, nusura adondoshe kiti.

"Babu amepatwa na nini?"

"Yuko salama. Mama, ni mimi." Pumzi ilikuwa imenikata. "Si Dada. Ni mimi sikumgeuza. Nilikuwa naandika tu halafu naenda netiboli."

Mama alivua miwani.

"Siku ngapi?"

"Kumi na moja."

Nilingoja kofi. Nilingoja anitoe nje kwa sikio. Badala yake Mama alikaa taratibu ukingoni mwa kitanda, kando ya mwanasesere. Alipoinua uso hakuniangalia mimi, alimwangalia Dada Soksi.

"Nimekukosea," alisema mbele ya wenzake. "Ulikuwa ukisema kweli, nikakuita mwongo, kwa sababu sikutaka hata kuwaza kwamba ni mwanangu. Naifuta barua yangu, na naandika nyingine ya kukuomba radhi. Itabaki kwenye faili lako na faili langu."

Nami nikamwendea Dada Soksi, nikapiga magoti, nikasema nisamehe dada. Alinitazama kwa hasira, na alikuwa na haki. Kisha akatazama saa ya ukutani.

"Mwalimu," alisema, "saa kumi hii nani anamgeuza mzee?"

Hapo ndipo Mama alipolia mbele ya watu. Tulirudi nyumbani watatu, na Dada Soksi ndiye aliyemgeuza Babu.

Kuanzia siku ile saa nane na saa kumi zilishikwa na mimi pamoja na Dada Soksi. Netiboli niliiacha mwenyewe, hakuna aliyenikataza. Tulisafisha kidonda kila siku. Mama alizungumza na daktari, Babu akawa anapewa dawa ya maumivu nusu saa kabla ya kugeuzwa, na mguno ule ulionikimbiza ukapungua sana. Kumbe dawa ilikuwepo. Kumbe ningesema tu kwamba anaguna, ningesaidiwa siku ileile.

Lakini kidonda hakikupona. Mwili uliochoka hauna nguvu ya kujiziba. Kilikua kutoka kifuniko cha soda kikawa kama kiganja changu, na mimi ndiye niliyeshika taa Mama alipokuwa akikifunga. Babu aliendelea kunitania mpaka sauti ilipokwisha. Alifariki asubuhi, siku ya kumi na tisa tangu Mama akione kidonda, baada ya kugeuzwa, Mama akimshika mkono mmoja na mimi mwingine.

Baada ya mazishi, watu walipokwisha kuondoka, Mama alinikuta nimekaa kwenye kitanda kitupu.

"Mama, mimi ndiye nimemuua Babu?"

Alikaa karibu yangu. "Hapana. Saratani ndiyo iliyomuua, na ingemuua hata kama ungemgeuza kila dakika. Hilo liondoe moyoni kabisa." Akanigeuzia uso. "Ila sitakudanganya, mwanangu. Mimi nawafundisha watu wasidanganye mbele ya kifo, siwezi kuanza na wewe. Babu alikuwa na maumivu ya ugonjwa. Tukamwongezea mengine ambayo hakustahili. Kosa langu mimi ni kwamba nilimwachia mtoto kazi ya mtu mzima, nikaridhika na karatasi nisiangalie mwili. Nimeshawaambia wanafunzi wangu, na nitawaambia kila mwaka. Lako ni zile saini."

"Niliogopa kumuumiza."

"Najua. Kuogopa si kosa, kushindwa kazi si kosa. Ungeacha mstari mtupu, ningeuona jioni ileile, ningekuuliza, tungesaidiana. Mstari mtupu unaita watu. Mstari wa uongo unawafukuza. Kazi ikikushinda, sema imenishinda."

"Hata kama inauma kusema?"

Mama alinivuta kifuani, nikasikia moyo wake ukipiga.

"Hata ikiuma," alisema. "Kusema kwako kungekuuma dakika tano, mwanangu. Yeye kidonda kilimuuma siku kumi na tisa."